Mtaro Huu Unakwenda kwa Bi Zuhura

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, na wala siikumbuki kwa kupenda. Ingekuwa hiari yangu ningeshaisahau zamani. Lakini nyie watoto hamniachi. Kila nikitoka barazani hapa Gerezani nikaona mnayoufanyia huo mtaro, siku ile inanirudia yote, na mvua yake na harufu yake.

Hebu kaa. Kaa chini, usinisimamie kama askari.

Mwezi uliopita walinijia vijana wa mtaa, mbele yao Rama, mjukuu wa jirani yangu. Shikamoo babu, marahaba. Wanataka kuchora alama kwenye mitaro yote ya maji ya mvua, kuanzia hapa mpaka kule sokoni, ili watu waache kumwaga uchafu. Nikafurahi, nikawapa mpaka brashi zangu mwenyewe. Wakachora samaki wa buluu juu ya kila mfuniko, na chini yake maneno: USITUPE TAKA, MAJI HAYA YANAKWENDA BAHARINI. Samaki mzuri, sikatai. Wakapiga picha, wakanywa soda, wakaenda zao.

Wiki haijaisha, namwona Mama Chausiku, mama lishe wetu wa kona, anammwagia yule samaki maji ya vyombo, na ukoko, na mafuta ya kukaangia. Fundi pikipiki wa pembeni ndiyo kamfanya shabaha kabisa, kila akifungua injini oili inamwangukia samaki jichoni. Nikamwita Rama. Unajua kanijibu nini?

"Sasa babu, si tumeandika?"

Mmeandika! Ebo! Mji huu kila ukuta umeandikwa USIKOJOE HAPA, na watu wanakojoa wapi? Si hapo hapo? Niliudhika, mwanangu, mpaka chai ikanipalia. Halafu nikajiuliza, hasira yote hii ya nini, mzee mzima? Nikajijua. Hasira ya mtu mara nyingi ina mwenyewe.

Basi sikiliza. Wakati huo nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, najifunza ufundi wa magari kwa Fundi Mbwana, gereji ilikuwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki. Aliyenilea ni dada wa baba yangu, Bi Zuhura, tukikaa chumba kimoja kule Magomeni. Shangazi alikuwa na matuta ya mchicha kule bondeni Msimbazi, upande wa Jangwani. Anachuma jioni, asubuhi yuko Kariakoo na tenga lake, anapanga mafungu. Mchicha wa Bi Zuhura ulikuwa na jina. Wanawake walikuwa wakipita wauzaji wengine kumi, wanamfuata yeye. Mchicha ule ndio ulionivisha, ndio ulionisomesha, na kama sikusoma sana lawama si ya mchicha.

Sasa pale gereji oili chafu tulikuwa tunaikusanya kwenye madebe. Haikuwa ya kumwaga. Ilikuwa na wenyewe, wauza mbao wa Ilala, wanaipaka mbao zisiliwe na mchwa. Jumamosi ile Fundi Mbwana akaniambia, "Peleka yale madebe manne Ilala kabla hujaondoka." Mkokoteni upo, njia naijua. Lakini saa kumi watani wa jadi wanacheza, na mimi rafiki zangu wameshanitangulia uwanjani.

Na mvua nayo ikaanza.

Wewe mtoto wa mjini, tabia yetu unaijua, usijifanye malaika. Mvua kubwa ikishuka tu, mji mzima unafungua ulichokificha. Huyu anatapisha choo, yule anatoa taka za mwezi mzima, kila mtu na koleo lake mlangoni, kwa sababu mvua inapita na kila kitu na haimtaji mtu. Tumezoea hivyo tangu zamani, hata aibu hatuoni. Nami nikanyanyua mfuniko wa mtaro, nikamwaga debe la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilisema na bismillahi, mjinga mimi, kana kwamba nachinja. Maji yakabeba, nikarudisha mfuniko, nikakimbilia mpira. Na wala hatukushinda, tulifungwa.

Maji yale yalishuka mpaka bondeni. Bonde likajaa, likafunika matuta, usiku likapwa. Jumapili jioni shangazi akachuma mchicha wake kama kawaida, Jumatatu akauza.

Jumanne nilimsindikiza sokoni, nimembebea tenga. Hatujapanga hata fungu moja, akaja mama mmoja, mteja wake wa miaka mingi, na sufuria mkononi. Hakusalimu. Akaimwaga ile mboga yote miguuni pa shangazi, na tui lake, na vitunguu vyake. Ukanda mweusi ukaelea juu ya mchuzi, harufu ikapanda.

"Nimewalisha wanangu dizeli, Zuhura! Dizeli! Mchicha unaumwagilia nini wewe?"

Wakaja wengine wawili na wao. Watu wakajaa kutazama, si unawajua watu wa Kariakoo, kutazama ni bure. Shangazi anaapa, haki ya Mungu mimi sijui, namwagilia maji ya kisima. Nani amsikilize? Akatokea mhuni mmoja nyuma huko akapayuka, "Bi Dizeli!" Watu wakacheka. Na mimi nimesimama pale, tenga kichwani, kimya. Ile harufu niliijua kabla sufuria halijainama. Nilijua mpaka ni gari la nani lililotoa oili ile.

Nikanyamaza Jumanne. Nikanyamaza Jumatano. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi nilijiona mjanja kuliko wahenga.

Alhamisi nimerudi kazini namkuta uani, na beseni la maji, na malimau, na sabuni, anaosha mchicha jani moja moja. Moja moja, mwanangu! Hajauza siku mbili. Akaniinulia jani mpaka puani.

"Hebu nusa, wewe ndiye fundi. Hii harufu gani?"

Nikanusa. Nikasema, "Sijui, shangazi."

Fundi wa magari mzima, anayelala na oili na kuamka na oili, harufu ya oili eti haijui! Wallahi, maneno mawili yale ndiyo yaliyonitia uzee, si hii miaka.

Alinishika mkono wangu wa kulia, akauvuta, akanusa kucha zangu. Akanusa tena lile jani. Halafu akauachia mkono wangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nikaanza kujitetea. Sikujua, shangazi. Sikujua kama yanakuja kwako. Nilidhani yanakwenda baharini tu.

"Kwa hiyo ungejua ni kwangu usingemwaga."

"Nisingemwaga kabisa, shangazi!"

"Na kama bonde ni la mwanamke mwingine?"

Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu. Akakusanya majani yake, yaliyooshwa na yasiyooshwa, akayatupa yote jalalani. Akaniambia, "Kesho ukitoka msikitini chukua rangi, ukaandike. Anzia pale ulipomwagia, fuata maji mpaka kwangu. Kila mfuniko uandike huu mtaro unakwenda kwa nani. Na anayekuuliza, mjibu."

Nilidhani ni hasira zitapoa. Hazikupoa. Ijumaa alasiri alikuja mwenyewe gereji, akamsimulia Fundi Mbwana yote mbele yangu, akaomba kopo la rangi nyeupe. Fundi Mbwana akatoa na brashi juu, akaniambia kazi sina mpaka nimalize hiyo. Nikapiga magoti juu ya mfuniko wa kwanza nikaandika: MTARO HUU UNAKWENDA KWA BI ZUHURA. Nikaenda wa pili. Nikaenda wa tatu. Kwenye kila mfuniko watu wananizunguka. "Bwana mdogo, Bi Zuhura ndiye nani?" Ni shangazi yangu, analima mchicha bondeni. "Kafanyaje?" Nimemmwagia oili. "Wewe?" Mimi. Mwingine anacheka, mwingine anasonya, bibi mmoja alinizaba kibao pale pale kwa niaba ya shangazi, na alikuwa hata hamjui. Ilinichukua siku tatu kufika bondeni. Nilipoandika wa mwisho, goti halikunjiki na uso sina.

Utaniuliza, je, ilisaidia? Ilisaidia kidogo, na kidogo hicho kilinishangaza. Mafundi wale wale ambao ungewaambia habari ya bahari wangekucheka, sasa mmoja akiinamisha debe mwenzake anamwambia, "We, hiyo ni ya Bi Zuhura, acha." Hawajamwona hata siku moja, lakini jina wanalo. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa hapo mbele alikuwa akimfukuza kwa fagio yeyote anayesogelea mfuniko, akisema, "Bi Zuhura atakula nini?" Maneno yale yalikaa miaka, mpaka walipokuja kuchimba barabara.

Shangazi je? Maji yakimwagika hayazoleki. Wateja wengine walirudi. Yule mama wa sufuria hakurudi. Jina la Bi Dizeli lilimganda, akaliacha tenga, akawa anapika vitumbua mlangoni kule Magomeni mpaka alipofariki. Siku ya maziko yake niko makaburini, mchanga bado uko mkononi, nasikia mtu nyuma yangu anamuuliza mwenzake, "Huyu si ndiye Bi Dizeli?" Wanasema mavi ya kale hayanuki. Waongo hao. Yangu yananuka mpaka leo.

Sasa turudi kwenye samaki wenu. Nilimwambia Rama na wenzake, wekeni simu mifukoni, tunakwenda bondeni. Wakanitazama mguu huu mbovu, wakaona haya, wakanifuata. Tulifuata maji, mfuniko kwa mfuniko, wakishindana kuziba pua. Kule chini tukamkuta binti anaitwa Mwajuma, ana matuta ya matembele, mtoto mgongoni. Tukamuuliza mboga zake anauza wapi. Akasema, "Namuuzia mama lishe mmoja wa Gerezani, Mama Chausiku, ndiye anachukua zote."

Rama akaniangalia. Nikamwambia usiniangalie mimi, kaandike.

Wakaandika. Samaki yuko pale pale, lakini chini yake sasa kuna maneno mapya: MTARO HUU UNAKWENDA KWA MWAJUMA WA MATEMBELE. Asubuhi yake Mama Chausiku akatoka na beseni lake, akainama, akasoma. Akasoma tena, midomo inacheza. Akauliza kwa sauti ya kugomba, "Mwajuma yupi? Huyu huyu wangu?" Akasimama na lile beseni kama mtu aliyepotea njia ya kwake, halafu akageuka nalo ndani. Siku hizi ana ndoo na chujio, ukoko anampa mfuga bata. Ananinunia, haniletei tena maandazi, na mimi nimeridhika. Yule fundi pikipiki bado anamwaga, akidhani simwoni. Namwona. Kesho nampeleka bondeni kwa miguu yake, na akigoma nampeleka kwa fimbo yangu.

Kwa hiyo mwanangu, nikuusie, na safari hii usitikise kichwa tu huku umeinamia simu. Ukitaka watu wahurumie maji, usiwaambie habari ya bahari. Bahari ni kubwa, haina mwenyewe mtaani kwetu. Fuata mtaro wako kwa miguu mpaka mwisho, umjue aliyeko huko, umjue kwa jina na kwa mtoto wake mgongoni, ndipo uchukue brashi. Rangi ikifutika uirudie, kazi haiishi siku ya picha. Mvua usiitwike mzigo wako, maana haiutupi, inaupeleka kwa mtu. Na ukishakosea, sema siku ile ile, sufuria likiwa bado mkononi mwa mwenyewe. Kumwaga kwangu kulimharibia shangazi mchicha. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomharibia jina.

Juzi Rama alinijia na kopo, akaniuliza mfuniko huu wa mbele ya gereji ya zamani, wa kwanza kabisa, aandike jina la nani. Nikamwambia lete brashi, huo niachie mimi. Goti liligoma lakini nilipiga. Watoto wakanizunguka, mmoja akauliza, "Babu, Bi Zuhura ndiye nani?" Nikamjibu, kama nilivyoagizwa.

Nenda mwanangu. Mungu akupe umri, akupe riziki isiyomchafulia mwenzio, na siku utakapoinuliwa jani puani ukaulizwa hii harufu gani, akupe ulimi wa kusema ni yangu.