Kutuma Si Kufikisha

Mwanangu, sogeza hiyo kompyuta kando kidogo nikusimulie. Ipo siku moja ya masika naikumbuka kuliko nyingi nilizoishi. Ilikuwa miaka michache baada ya watu binafsi kuruhusiwa kufungua hospitali zao, na kompyuta zikaanza kuonekana Arusha. Mimi, binti wa Tengeru niliyetoka chuoni juzi tu, nilipata kazi kwenye hospitali ndogo ya uzazi pale mjini. Aliyenipokea ni Mzee Shabani, fundi wetu wa kompyuta, mtu mpole ambaye wazee wake walitoka Pangani. Yeye Mwislamu, mimi Mlutheri, lakini alinilea kama wa kumzaa.

Mzee alikuwa ameandika programu kwa JavaScript, lugha ya kompyuta hiyo hiyo unayohangaika nayo wewe. Chumba cha kusubiria kilikuwa na skrini, na kila familia iliyoleta mjamzito ilikuwa na kisanduku chake chenye jina. Kila kisanduku kilikuwa na msikilizaji wake ndani ya programu, yaani kijisehemu kinachongoja habari ya familia hiyo, na wasikilizaji wote walipangwa foleni. Muuguzi akitoka wodini huandika habari pale mapokezi, akabonyeza kitufe, na programu huwapitia wasikilizaji mmoja mmoja ikiwaambia kuna habari. Aliyeona habari ni yake, kisanduku chake hugeuka kijani, kisha yeye hujiondoa kwenye foleni, maana alichokingoja kimefika. Mtumaji hakuwa na haja ya kumjua yeyote. Alitangaza tu, na waliojiandikisha walisikia.

Siku hiyo alikuwepo kijana wa Kikatiti, akiitwa Elia, akimsubiri mkewe. Uzazi wa kwanza mtoto hakuishi, kwa hiyo alikaa ameinama, kanga ya mkewe mapajani. Mchana muuguzi akaja na habari za watoto wawili, akaziandika kwa pamoja na kuzituma. Kisanduku cha familia iliyokaa karibu na Elia kikageuka kijani, vigelegele vikalipuka, bibi mmoja akacheza hadi kilemba kikaanguka. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Elia. Kisanduku chake hakikubadilika.

Wauguzi walidhani skrini imeshasema, wakaendelea na kazi zao. Elia naye aliogopa kuuliza. Mwanangu, kuna swali mtu haulizi kwa sababu anadhani jibu analijua. Jioni ilipokaribia nilimwona akiikunja ile kanga taratibu, kama anayekunja nguo za marehemu.

Nikaingia wodini kuuliza, kisha nikakimbilia kwa Mzee Shabani.

"Baba, mke wa yule kijana alijifungua tangu mchana. Mtoto wa kike, wote wazima. Skrini haikumwambia."

Mzee akaifungua programu, akasoma, akashika kichwa. Msikilizaji wa kwanza alipojiondoa, wote wa nyuma yake walisogea nafasi moja mbele. Programu ilipokwenda nafasi ya pili, Elia alikuwa keshasogea kwenye ya kwanza. Ikamruka.

"Kosa dogo hilo, Baba," nikasema. "Tulirekebishe, tuitume habari upya."

"Binti yangu, kutuma si kufikisha. Twende kwanza kwa mwenyewe."

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mzee yule wa mvi alichutama mbele ya Elia, watu wote wakitazama, akamshika mikono.

"Kijana wangu, mkeo mzima, na una binti. Habari ilitoka mchana, kosa langu likaizuia. Nisamehe."

Elia akamkodolea macho. "Analia?" akauliza. Yule wa kwanza hakuwa amelia.

"Analia, tena kwa nguvu," nikamwambia. "Nimemsikia mwenyewe."

Akajifunika uso kwa ile kanga, akalia. Alipoinua kichwa, kana kwamba adabu imemrudia ghafla, akasema, "Shikamoo, mzee." Sote tukacheka huku tukijifuta machozi.

Tulipomsindikiza hadi mlango wa wodi, ndipo tukarudi kwenye programu. Tukaiagiza ichukue kwanza nakala ya foleni na kuipitia nakala hiyo, ili anayejiondoa asimfanye mwenzake arukwe. Tukaongeza pia kwamba msikilizaji mmoja akikwama, wengine waendelee kuambiwa.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Unapotangaza jambo, usiridhike kwamba limetoka mkononi mwako. Mfikirie aliye nyuma ya yule anayeshangilia. Na siku ukijua kuna aliyerukwa, iache mashine, nenda kwake kwa miguu yako ukamwambie kwa mdomo wako. Programu itakungoja. Moyo wa mtu haungoji.

Mungu akupe masikio ya kuwasikia walionyamaza, na habari zako njema zikufikie mapema. Amina, mwanangu.