Fundi wa Upande wa Kulia

Bisheni mtakavyo. Jipu lenyewe lipo, limesimama nyuma ya nyumba yangu hapa Kolwezi, na anayebisha aje na spana yake ajaribu kufungua boliti za upande wa kulia. Akifaulu nitamchinjia kuku. Na msidhani ni mambo ya usiku, ya mtu aliyetoka baa akaona kivuli cha mgomba. Ilikuwa saa sita mchana, na nilikuwa sijanywa hata chai.

Jipu langu ni la zamani, nalitumia kubeba mahindi na makaa kutoka Mutshatsha. Kasoro yake ilikuwa moja tu: tairi ndogo. Mvua ikianza, lilikuwa linalaza tumbo kwenye matope na kukataa kuondoka. Miaka mitatu nilikuwa nikiyatazama magari ya machimbo yakipita na tairi zinazonifika kiunoni, na roho inaniuma kwa wivu. Nawaambieni ukweli, kuna wanaume wanaoota wanawake. Mimi niliota tairi.

Basi mke wangu, Numbi, alikuwa amekwenda kwa mama yake Mutshatsha kuzaa mtoto wetu wa kwanza, kama desturi. Simu ikaja: mtoto amelala vibaya tumboni, muuguzi anasema aletwe hospitali ya Kolwezi, tena upesi. Lakini mvua ilikuwa imeikata barabara. Malori yalikuwa yamekwama, treni haijulikani itakuja lini, na pikipiki huwezi kumpandisha mwanamke katika hali ile. Ni nani angemtoa Numbi kama si mimi na jipu langu?

Tairi nilizipata siku hiyohiyo, nne kubwa zilizotupwa na kampuni moja ya machimbo, zimelika pembeni lakini meno bado yapo. Nikarukaruka kwa furaha kama mtoto. Nilipofunga moja, ikasugua bodi, usukani ukagoma kuzunguka. Tairi kubwa haifungwi tu, ndugu zangu. Lazima gari linyanyuliwe kwanza, na vifaa vya kunyanyulia vinavyouzwa mjini, ungeuza jipu lenyewe ndipo uvinunue. Watu wakanielekeza Musonoi, kwa fundi mmoja anayetengeneza vitu vya matajiri kwa vyuma vya maskini. Jina lake Kyungu.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe mtu wa kwetu halifanyi mara mbili. Ukisikia jina Kyungu unajua ni pacha, wa kwanza. Wa pili ni Kabange, haiwezi kuwa vinginevyo. Na adabu ya pacha ni moja: ukimsalimia Kyungu, unauliza habari za Kabange. Ukimpa Kyungu kitu, Kabange naye anapata chake, kilekile, hata kama ni karanga moja mnaipasua. Bibi yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kufunga viatu. Je, niliuliza? Sikuuliza. Kichwani mwangu mlikuwa na tairi tupu, na Numbi.

Nilikuwa na ovaroli mbili mpya za bluu, alizonipa binamu yangu alipoacha kazi ya mgodi. Kesho yake asubuhi, nilipofika kwake, moja nilimpa Kyungu ili moyo wake ulainike. Ya pili nilikuwa nimeivaa mwenyewe, na kusema kweli ilinipendeza mno.

Jamaa yule ana mikono! Aling'oa zile bapa za chuma zinazobeba gari kutoka kwenye lori bovu, akaongeza moja ndefu kwenye springi yangu, akabana kwa boliti ndefu. Akabadilisha mpira wa breki akaweka mrefu, kwa sababu gari likipanda, mpira mfupi unavutika hadi kukatika. Kisha akakata ukingo wa bodi kwa msumeno ili tairi ipate nafasi. Mimi, kwa kuwa najiona mjanja, nikapendekeza tuweke vipande vya mbao tumalize haraka.

"Mbao ni ya kupikia bukari, tata," akasema, maana ugali kwetu ni bukari. "Unapenda bibi yako afike ao asifike?"

Saa sita upande wa kushoto ulikuwa tayari, mbele na nyuma. Jipu likawa limeinama kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Mvua kubwa ikashuka, Kyungu akakimbia nyumbani kula, akisema atarudi ikipungua. Nikabaki peke yangu chini ya mabati ya kibanda chake, nikihesabu saa.

Hakukupita muda, nikamwona anarudi. Sura yake, kimo chake, mwendo wake. Lakini amevaa suruali iliyochanika, na mwili mzima umejaa udongo mwekundu, toka nywele hadi vidole. Mvua inampiga na udongo hautoki. Hebu niambie, wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ameanguka kwenye mtaro. Akaingia chini ya jipu upande wa kulia na kuanza kazi. Niaminini, sikusikia chuma kikigonga chuma. Alifanya kwa muda wa kula sahani moja kile ambacho asubuhi kilichukua saa nne, na jipu likasimama sawa, juu, zuri, hadi nikapiga makofi!

Akatoka chini ya gari, akanitazama.

"Na yangu iko wapi?"

"Yako gani? Si nilikupatia asubuhi?"

Akaitazama ovaroli niliyovaa, muda mrefu, bila hasira. Kisha akageuka, akaingia mvuani, na sikumwona tena.

Baadaye kidogo Kyungu akafika, amevaa ovaroli yake ya bluu, kavu, mwavuli mkononi. Akaona jipu, akasimama. Akashika boliti moja ya kulia, akaipapasa.

"Nani alifunga hii?"

"Si weye?"

Akaketi juu ya tairi kuukuu, taratibu, kama mzee. "Hii mukono ni ya Kabange, muloko yangu, ule pacha ya nyuma. Tulikuwa tunagawanyaka kazi, mi ku kushoto, yeye ku kuume. Alikufwaka mu shimo ya madini, kule Kasulo. Udongo ilimufunika, hata hatukumutosha inje." Akainua macho. "Hakukuomba kitu?"

Nilijua alichoomba, na nilijua nimekivaa. Lakini niliogopa kucheleweshwa na mambo ya wafu wakati Numbi anateseka. Na, aibu hii naisema wazi, niliipenda ile nguo.

"Hapana," nikasema. "Hakuomba kitu."

Nikaondoka. Na jipu lilivyokwenda! Palipokwama malori, mimi nilipita naimba. Kile kisahani cha mwendo kilikuwa kinadanganya, maana tairi kubwa inakwenda mbali zaidi kwa mzunguko uleule. Kikisema thelathini, mimi naruka. Hofu yote ikanitoka. Nilifika Mutshatsha, nikampakia Numbi nyuma, mama mkwe akamshika kichwa, na kabla jasho halijakauka tukawa njiani kurudi.

Katikati ya njia, kwenye bonde, jipu likasimama. Nakanyaga mafuta, injini inalia, haliendi. Nikashuka. Tairi za kushoto zilikuwa zinazunguka vizuri kabisa. Za kulia zilikuwa zimezikwa hadi katikati, na si kwa matope. Matope ya pale ni meusi. Hizi zilifunikwa na udongo mwekundu, mkavu, na mvua inanyesha juu yake! Nikaupangua kwa mikono, ukarudi. Nikaupangua tena, ukarudi.

Numbi akapiga kelele ambayo mpaka leo naisikia. Mama mkwe akatoa kichwa, macho kayageuzia pembeni kama adabu inavyotaka.

"Bokilo, mukwe wangu, unangojea nini? Mutoto wangu anakufwa!"

Nilijua la kufanya. Lakini mnajua mama mkwe kwetu ni nani? Ukikutana naye njiani unapinda. Unapomsalimia humtazami usoni. Na chini ya ile ovaroli nilikuwa na kaptula moja ya kulalia, yenye tundu mahali pasipofaa.

Nikafungua vifungo. Nikavua yote, mbele ya mkwe wangu, nikaikunja ovaroli na kuiweka juu ya gurudumu la mbele la kulia.

"Kabange!" nikaita kwa sauti. "Yako njo hii! Nilidanganya, unisamehe!"

Nikarudi kwenye usukani. Nikagusa mafuta, na jipu likapanda kutoka lile bonde kana kwamba watu kumi wanalisukuma. Nilipotazama gurudumu, nguo haikuwapo.

Hospitali niliingia na kaptula, muuguzi akataka kunilaza mimi. Numbi alipasuliwa, mama na mtoto wakapona. Msichana, analia kama honi ya lori! Nikalia naye.

Wiki ile nilikwenda Musonoi kuungama. Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Kwenye nguzo ya kulia ya kibanda, ovaroli ya bluu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, magoti yake yana udongo mwekundu. Kyungu alikuwa anaishika mkono, kama unavyomshika mtu.

"Asante, tata," akaniambia. "Miaka yote hatukukuwa na kitu yake, hata kilato ya muguu. Asubuhi moja nilikuta umetuma hii."

Sikuwa nimetuma. Nikamweleza yote, tukakaa pale tukalia wawili.

Tangu siku hiyo upande wa kushoto umeshafunguka mara tatu. Wa kulia haujalegea hata kidogo. Nikienda Musonoi na mkate, nabeba miwili. Na wewe unayetaka kunyanyua gari kwa bei ndogo, nakuonya: weka mpira mrefu wa breki, achana na mbao, na ukisikia fundi anaitwa Kyungu, uliza kwanza Kabange yuko wapi. Mama mkwe wangu naye, kila ninapowasha jipu, hugeukia ukutani na kuuliza, "Bokilo, leo unavaa nguo ngapi?"