Miaka Yangu ya Kuvua na Kuachia

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kambi ya wageni wanaokuja kuvua, nilimgeuza mgeni kulia, na samaki yuko kushoto. Mkuu wa Safari, mzungu mmoja aliyebambuka pua kwa jua na aliyesema Kiswahili cha bara, alikuwa amenifundisha asubuhi ile kwamba mwongozaji hanyooshi mkono. Ukinyoosha mkono samaki anaona kitu kinapita juu yake, anakwenda zake. Unataja saa. Mbele ya boti ni juu kabisa kwenye uso wa saa ya ukutani, na kutoka hapo unazunguka. Nikaona jambo jepesi. Basi kolekole akatokeza kushoto kwetu, pale mshale unapoelekea ikiwa saa tatu asubuhi, nami nikasema kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: tatu! Mgeni akageuka kulia, akarusha mshipi kwenye maji matupu. Kumbe kwa mzungu pale ni tisa.

Mkuu wa Safari alicheka mpaka akakaa. "Faki," akaniambia, "ukiwa ndani ya boti utahesabu kizungu. Ukishuka, hesabu unavyotaka." Nilikasirika mie! Mtu wa Chokocho, maji haya yako mlangoni kwetu, leo nafundishwa kushoto na kulia. Nilitaka kushuka niende zangu siku ile ile, na nisingelikuwa na mke na watoto ningeshuka.

Kazi yenyewe niieleze, maana naona vijana mnaoiingia sasa mna haraka sana. Ghuba zetu za kusini, baina ya mikoko na visiwa, ni maji ya magotini, yakizidi sana ya kiunoni. Mashine haiwashwi humo. Mwongozaji husimama tezi, ndiyo nyuma ya chombo, ana upondo mkononi, mti mrefu wa kuchomeka mchangani na kujisukumia. Mgeni husimama omo, mbele, na fimbo yake ya kurushia mshipi. Upondo ukigonga jiwe, mmeharibu. Ukikohoa, mmeharibu. Jua liwe mgongoni, na macho yasimtafute samaki, yatafute kivuli chake juu ya mchanga, kwa sababu samaki mwenyewe ana rangi ya maji. Ukimwona taa, yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi, anakwenda akitibua mchanga, mfuate huyo huyo. Nyuma yake mara nyingi yumo kolekole, anaokota vidudu vinavyofumuka.

Kazi hiyo inataka mtu mtulivu, na mimi situlii. Nilikuwa nikisimama pale tezi miguu inaniwasha, natamani kupiga kelele, natamani niruke majini nimshike huyo samaki kwa mikono. Mkuu wa Safari alikuwa akinitazama tu, ananambia kwa sauti ya chini, "Pumua, Faki." Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka kwenda kuangalia kama maji yamepwa, na kupwa kwake hakunihusu tena.

Mgeni wa kwanza kumpata kolekole mkubwa kwa uongozi wangu alikuwa bibi wa makamo. Alivutana naye mpaka akamfikisha ubavuni mwa boti. Nikamtia samaki mkononi, nikaanza kutazama huku na huku.

"Unatafuta nini?" Mkuu wa Safari akaniuliza.

"Rungu, nimmalize."

"Muachie."

Nilidhani ananitania. "Nimuachie aende wapi?"

"Kwao."

Akashuka majini mwenyewe kunionyesha. Unamtoa ndoana, ambayo mwiba wake umeshabanwa kwa koleo ili isimchane. Unamshika pale pembamba kabla ya mkia. Unamwelekeza uso kwenye mkondo, unamsukuma mbele na kumrudisha nyuma, maji yapite mashavuni, mpaka uhisi amerudiwa na nguvu. Hapo unafungua vidole. Bibi alishapiga picha yake kwa simu, anapiga makofi, na mimi nimebaki kinywa wazi. "Huyu akiingia chunguni leo," Mkuu wa Safari akasema, "kesho utamwonyesha nani mgeni wako?" Nilijibu kwamba wapo wengine. Akaniuliza wangapi. Baada ya muda nilianza kuwatambua samaki wa ghuba ile mmoja mmoja, yupi ana kovu, yupi ana pengo kwenye pezi, na nikawa nafurahi nikiwaona wamerudi.

Sasa nije kwa kaka yangu Hamadi, kwa sababu bila yeye kumbukumbu hizi zingekuwa fupi. Kaka Hamadi ndiye aliyenilea baba alipofariki, na mshipi wa kwanza kuushika alinipa yeye. Nilipoanza kazi kambini mguu wake ulikuwa umeshamharibikia, haendi tena baharini. Vyombo vikirudi hukaa dikoni, pale pwani samaki wanaposhushwa, akingojea kitoweo. Kwetu huo ni utaratibu. Anayerudi na samaki humpa jamaa yake, humpa mjane, humpa aliyemsaidia kuvuta chombo, na hakuna anayenyimwa.

Upo na utaratibu mwingine. Mvuvi wa kwetu akiulizwa kapata nini, hata kama chombo kinakaribia kuzama kwa samaki, hujibu, "Hamna kitu." Jicho la watu linaogopwa. Kila mtu anaijua maana yake, na anasogea na pakacha lake vilevile.

Nifikirieni mie. Kaka ananiuliza, "Faki, mmepata?" Nami sina hata dagaa, namjibu kweli ya Mungu, "Hamna kitu, kaka." Anasogea na pakacha. Anachungulia botini, anaona maji na kamba. Mara ya kwanza alicheka. Baadaye akawa hacheki. Maneno yakaanza kuzunguka kijijini: Faki na wazungu wake samaki wanawashusha upande wa kambi, huku anatujia mtupu. Kaka alivumilia, kisha akaja nyumbani kwangu na fimbo yake.

"Faki, mie unanijibu jibu la watu wa dikoni?"

"Kaka, wallahi hamna kitu."

"Umeona! Umerudia!"

"Tunawaachia, kaka. Tunawavua, tukishawavua tunawaachia."

Alinitazama vizuri. "Uongo huo katafute mjinga mwenzio, yakhe."

Nikamwomba Mkuu wa Safari nimchukue kaka botini siku moja, aone kwa macho yake, naye akakubali. Maskini mimi, nilitoka nyumbani ninapiga mluzi, nikidhani nakwenda kusafishiwa jina. Kaka akakaa katikati, mkimya, mtaratibu, mvuvi wa kweli, hata mgeni alimpenda. Tukamfuata taa mmoja, na nyuma yake alikuwemo kolekole wa kujaza chungu kizima. Mgeni akarusha, samaki akashika, wakavutana. Nikashuka, nikamtoa ndoana, nikamwosha mashavu, nikamuachia.

"Mshike!" Kaka aliinuka, boti ikayumba.

"Kashakwenda, kaka. Si nilikwambia?" Nami natabasamu, baradhuli mie!

"Kumbe kweli," akasema polepole.

"Kweli, kaka."

"Bora ungekuwa mwizi. Mwizi angalau anakula."

Nikataka kusema, akanikatiza. "Wajane wanakula mchicha mtupu siku ya pili hii, nawe unamkosha samaki mashavu umrudishe! Riziki ya Mungu mmeifanya mchezo? Lahaula!" Akashuka botini. Maji yalikuwa ya kiunoni. Akashika njia ya Chokocho kwa miguu yake, anachechemea ndani ya maji, shuka imemganda, hageuki nyuma. Mgeni akaniuliza kama mzee anaumwa. Nikamwambia anapenda kutembea.

Toka siku ile akanisusa. Salamu yangu akiitikia, kwa kuwa salamu haiachwi bila ya jibu, lakini akishaitikia basi. Chakula cha nyumbani kwangu hakukigusa. Kwenye hitima ya mama yetu nilipokwenda kukaa sinia moja naye, aliinuka akahamia sinia nyingine mbele za watu. Nikala nini siku ile? Sikumbuki. Nakumbuka nilikuwa natafuna tu ili nisilie.

Kambi ile ilipobadilisha wenyewe nikapelekwa kaskazini, nikapanga chumba Jadida, pale Wete. Huko bahari inaingia ndani kwa vijito vya mikoko, maji machafu kidogo, na samaki wake ni mzia, mwenye meno ya kukata mshipi, kwa hiyo mbele ya ndoana tulikuwa tukifunga kipande cha waya. Niliwafundisha kazi waongozaji wengine wengi huko. Mkuu wetu tulimwita Bi Meneja, mwanamke wa Tanga, hana mchezo, kila boti akiikagua mwenyewe kabla haijatoka. Aliniona sikai. Wageni wakimaliza mimi huzunguka uani, nakunja kamba zilizokwisha kukunjwa.

"Mzee Faki, kwani una miadi na nani?" akaniuliza siku moja. "Kila saa unaangalia barabara ya Chake, njia ya kwenu kusini."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Chukua ruhusa. Nenda ukapatane na ndugu yako, urudi ukiwa mtu."

Nilikwenda. Kaka akaitikia salamu, akauliza habari za wanangu, akaingia ndani akafunga mlango. Nikarudi Jadida kwa gari ile ile iliyonileta.

Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Kivuli cha samaki na shungi la mwani vilikuwa kitu kimoja kwangu, na mwongozaji asiyeona ni mzigo tu pale tezi. Bi Meneja alinifanyia dua na chai, watu wakala maandazi, nikarudi Chokocho. Mtaniuliza, baada ya umri wote huo, nani alikuwa na haki, kaka au Mkuu wa Safari? Nimelizungusha suali hilo usiku na mchana. Ghuba yetu bado ina kolekole, na ghuba nyingine nazijua hazina. Na wale wajane walikula mchicha, hilo nalo nalijua, na baadhi yao wamekwishafariki. Mwenye jibu moja tu aninyamazie, sina hamu naye. Mimi nilichokuwa nakitaka ni kaka yangu.

Siku moja shemeji yangu Bi Mize, mke wa kaka, akaja kwangu na buibui lake kabeba mkononi, kwa haraka aliyokuwa nayo.

"Shemeji, mwenzio amezeeka. Kanambia hivi: Faki akivua samaki kwa mshipi wake mwenyewe, bila ya mzungu, akaniletea mkononi, ntakula naye."

"Kasema hivyo?"

"Kasema. Tena kasema usilete kibua, anataka samaki wa maana."

Sikulala. Nikatengeneza mshipi, nikaubomoa, nikautengeneza tena, mke wangu akanambia, "Bwana we, utauchosha kabla haujaingia majini." Safari za mwanzo nilirudi mikono mitupu na nikampita kaka kwa njia ya nyuma, kwa haya. Halafu pakaja asubuhi moja tulivu, nikaona leo ndiyo leo. Nikampitia Bi Mize, nikamwambia akune nazi.

Nikaingia kwa miguu kwenye ghuba, nikasimama pale ambapo mkondo hupita baina ya mikoko na mchanga. Macho hayanisaidii, lakini mahali napajua. Nilingoja, nikahama, nikarudi, najitukana mwenyewe nitulie. Mara mshipi ukanichoma vidole. Kolekole! Nikampa mshipi, nikamnyang'anya, akanizungusha, nikamzungusha, nami naomba kwa sauti, Yarabi asiukate, Yarabi asiukate. Mpaka akaja ubavu juu, mzito, anang'aa. Nikamtoa ndoana. Nikamshika pale pembamba kabla ya mkia. Nikamwelekeza uso kwenye mkondo, nikamsukuma mbele, nikamrudisha nyuma. Mashavu yakafunguka, yakafunga. Nikahisi amerudiwa na nguvu, nikafungua vidole.

Nilikuwa nimeshageuka kumpongeza mgeni. Hapana mgeni. Niko peke yangu na maji ya mapajani, na nazi kwa Bi Mize imeshakunwa. Nilipiga maji kwa makofi. Nililia, wallahi, mtu mzima mwenye wajukuu. Nikafikiri nipite dikoni nichukue samaki wa mtu nimdanganye kaka, nikaona haya, nikaenda hivyo hivyo nilivyo, nguo zinachuruzika.

Kaka alikuwa amekaa juu ya mkeka, sahani zimeshapangwa.

"Umepata?"

"Nimepata, kaka. Kolekole, wa kubebwa begani."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha mikono yangu. "Imemwachia hii. Sikukusudia, kaka. Nilitaka ule. Nilikuwa naomba Mungu njia nzima ule."

Bi Mize alijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Kaka akaukamata mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku, akaubonyeza kiganja, kisha akanitazama usoni, na mimi machozi bado yananitoka.

"Hukukusudia?"

"Wallahi."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka kikohozi kikamshika na Bi Mize akamletea maji.

"Miaka yote hii mie nadhani ni kiburi," akasema. "Kumbe maradhi! Mize, lete huo wali na tui lake vivyo hivyo." Kisha akanivuta mkono nikae mkekani. "Keti, Faki. Mgonjwa ntamsusa vipi?"