Nyayo Anaziweka Wapi

Swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: nyayo anaziweka wapi? Nimeulizwa darasani, nimeulizwa kwenye daraja la Nyali nikirudi kutoka skuli kisiwani, nimeulizwa na muuza mbaazi aliyeshika upawa juu ya bakuli langu asitake kumimina mpaka nijibu. Mwanzo nilifurahi. Siku hizi nikimwona mtu ananijia na kicheko cha upande mmoja, navuka upande wa pili wa njia.

Mimi si msemaji. Mama husema nilimeza ulimi siku ya kuzaliwa. Wageni wakija nyumbani nasema shikamoo, kisha naingia ndani nikae na daftari. Ndimo yalimo mambo yangu yote, na ndimo nilimoandika ile hadithi, kurasa za nyuma za daftari la jiografia, maana karatasi ni shida wakati huu wa vita.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna mwanamke anayefagia uwanja wake baada ya magharibi, saa ambayo kila mtoto wa pwani ameambiwa auweke ufagio chini asije akafukuza baraka. Huyu hafukuzi baraka. Anafagia nyayo za watu waliopita mlangoni pake mchana, anazizoa pamoja na mchanga wake, anazitia mtungini. Mwenye unyayo akitoka kesho yake haioni tena njia ya kwao, anakwenda tu. Mwisho mtungi umejaa, mtaa hauna mtu, na mwanamke amekaa kizingitini anasikiliza vishindo vya miguu mle mtungini, miguu inayotafuta mlango.

Wenzangu walipokezana daftari, likawa linarudi na maswali ya penseli nyuma ya jalada. Mmoja aliuliza, mvaa viatu naye hufagiwa? Nikajibu kwa wino kwamba viatu pia vina alama, ila hukaa chini mtungini kwa sababu ya uzito. Mwengine akauliza kama mwalimu wetu wa hesabu anaweza kupelekwa apite mlangoni pale. Nikamjibu kwamba mwanamke huyo naye ana viwango vyake. Wallahi hizo ndizo siku zangu njema. Naulizwa, najibu, na hapana mtu anayenitazama usoni.

Kisha mjomba wangu akalichukua daftari.

Mjomba ni karani bandarini. Kila siku akitoka kazini hupita Mtopanga, kwenye baraza ya kahawa, na baada ya sala ya alasiri huwasomea wazee gazeti: nani kashinda wapi, meli gani imezama. Wengi wao hawasomi, kwa hivyo anachokisoma mjomba ndicho kilichotokea duniani. Siku hiyo gazeti halikufika. Akafungua begi lake, akatoa daftari langu, akaanza kusoma kwa sauti ile ile ya habari za vita.

Hakusema paukwa. Hilo ndilo kosa, na sijui kama mtu asiyekulia kwetu ataliona. Hadithi ina mlango wake: msimulizi husema paukwa, wasikilizaji huitika pakawa, na hapo kila mtu anajua ameingia penye uongo mtamu. Tena hadithi hazisimuliwi jua likiwaka. Mjomba alisoma alasiri, kutoka kwenye karatasi, bila ya paukwa. Waliosikiliza walirudi majumbani mwao na habari.

Na mtu wa kumvisha habari hiyo alikuwapo.

Nyuma ya nyumba yetu anakaa kikongwe mmoja, mtu wa Rabai, Mkristo, aliyefiwa na mumewe kabla sijazaliwa. Sote twamwita nyanya. Anasuka makuti ya kuezekea, kutwa ameinama, na jua likishazama hushika ufagio wake wa chelewa akafagia uwanja. Mimi ndiye niliyemwiba nikamtia hadithini. Nilikuwa nikimwona kutoka dirishani kwangu, namsikia shwaa, shwaa, nikaona ni picha nzuri. Hata mtungi ni wake. Umewekwa pembeni mwa mlango, anatilia maji ya kulowekea makuti. Sikujisumbua hata kuuhamishia upande wa pili wa mlango.

Watu wakaanza kupita njia ya mbali. Waliokuwa wamemwagiza makuti wakaagiza kwengine. Watoto wakawa wanaruka mbele ya uwanja wake kwa mguu mmoja ili waache nyayo nusu, na hilo sikuliandika mimi, walilitunga wenyewe. Nyanya akaacha kufagia. Takataka za makuti zikajazana uwanjani, na siku ya nne nge akamuuma kidole cha mguu. Mama alimkanda, akaniambia nishike taa. Hapo ndipo nyanya alipomweleza mama kwa nini hufagia jioni: mchana macho yake hayawezi kuiangalia michanga inayong'aa, na uchafu ukilala, nge huja. Nilikuwa nimeishika taa.

Siku ya pili mjomba alirudi hana raha. Alisema barazani wamekubaliana nyanya aletewe mganga aapishwe kwa papai. Mganga hulisomea papai maneno, mshukiwa hula kipande, na midomo ikivimba basi ndiye mchawi. Mtu wa miaka ile, aliyetoka kuumwa na nge, midomo yake ingeweza kuvimba kwa khofu peke yake. Na midomo ikishavimba hataachwa akae tena hapa kwetu Kisauni.

Nikamwambia mjomba awaeleze kuwa ni hadithi. Akasema amewaeleza mara tatu, na kila mara humjibu kwamba karani hawezi kujua alichokiona mwandishi. Wanamtaka mwandishi.

Basi nilikwenda. Nilivaa kanzu ya Ijumaa, sijui kwa nini. Wazee walikuwa saba au wanane, na muuza kahawa amesimama na dele lake la kumiminia. Niliamkia, wakaitika marahaba, wakanipa nafasi nikae katikati kama bwana harusi. Yakaja maswali. Ulimwona wewe mwenyewe au uliambiwa? Nilisema sikuona. Sasa ulijuaje kuna mtungi? Nikasema mtungi ni wa maji. Basi wakubali kuna mtungi. Mmoja aliyepotelewa na mwanawe, aliyekwenda vitani asirudi wala barua isije, hakuuliza kwa ukali. Alisogea karibu, akanishika goti.

"Mwanangu, mimi sitaki kumdhuru mtu. Nambie tu, kama mtungi ni wa maji, hizo nyayo anaziweka wapi? Wa kwangu alipita mlango ule siku aliyoondoka."

Hapo nilielewa kwamba majibu yangu yote ya wino hayafai. Huyu hakuwa akitaka kuogopa. Alikuwa akitaka mahali pa kwenda kutafuta. Nilitaka kumpa kitu na sikuwa na kitu.

Nikasimama, jua kali, watu wazima wote wananitazama.

"Paukwa," nikasema.

Hapana aliyejibu. Muuza kahawa alicheka kidogo. Mtoto haanzi hadithi mbele ya wazee, tena mchana. Nikasema tena.

Mjomba ndiye aliyeitika, polepole, kama mtu anayetia saini barua ya kukiri kosa. "Pakawa."

Nikaisimulia yote upya tangu mwanzo, kwa mdomo wangu, vibaya, nikirukaruka. Nilipofika kwenye mtungi, wawili wengine walikuwa wameshaanza kuitikia kama inavyoitikiwa hadithi. Nilipomaliza, yule mwenye mwana aliyepotea aliliacha goti langu. Hakukasirika. Alisema tu, "Kumbe," akaomba kahawa, na akakinywa kikombe chote akiangalia chini. Habari ya papai haikutajwa tena. Namwona mpaka leo, na sijui kama nilimtendea wema.

Nyanya bado hafagii. Anasema akishika ufagio jioni watu watakumbuka. Kwa hivyo nafagia mimi. Magharibi ikishaswaliwa navuka ua, naanzia kwenye mtungi naishia njiani, na wapitao wanaona ni mimi. Mama analalamika kwamba naifukuza riziki ya nyumba mbili. Skulini naitwa Bwana Fagio. Daftari limerudi na maswali mengine sita, na sijayajibu.

Jana nyanya alikaa kizingitini akinitazama nikifagia. Nilishamwambia kila kitu, hadithi nzima na nilivyomwiba, na alinisikiliza huku anasuka makuti. Jana ndipo alipouliza.

"Huyo mwanamke wako, alikuwa na watoto?"

Nikamwambia sikulifikiria hilo.

"Lifikirie," akasema, akavuta mguu wenye kidonda ili nipate kufagia chini yake.