Aprili kwenye Kalenda ya Ukumbi

Kalenda ya mwaka ujao ya ukumbi wa maonyesho ilitoka Novemba, karatasi moja ngumu inayong'aa, na mimi ndiye niliyeibandika kwenye lango la chuo kabla sijaisoma. Naona aibu kuliandika hilo. Tangu sekondari watu wananicheka kwa kuuliza maswali, kanisani, chuo kikuu, hata kwenye vikao vya harusi, na bado karatasi ile niliipokea na kuipaka gundi bila kuitazama, kwa kuwa aliyenipa alikuwa mwalimu wangu.

Mwalimu huyo alinifundisha uchoraji nikiwa kidato cha pili. Baadaye akaajiriwa na chuo kimoja hapa Ifakara, na humo akakipata chumba kirefu kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Akakisafisha, akakipaka chokaa, akakiita ukumbi wa maonyesho. Niliporudi kutoka Dar es Salaam na shahada yangu, bila kazi, aliniita nijitolee. Darasani alikuwa na kauli moja aliyopenda kuirudia: "Uliza. Hata mimi niulize." Sikuwahi kukutana na mtu mzima mwingine aliyesema hivyo na asikasirike ukimuuliza kweli.

Agosti tuliketi sakafuni tukiwa na karatasi ya manila, tukachora visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi. Februari tuliwapa wanafunzi na michoro yao. Mei picha za wavuvi. Septemba vinyago. Juni niliidai mimi. Wakati huo mpunga umevunwa, barabara imekauka, na mtu wa Mofu, kijijini kwetu, anaweza kufika Ifakara akarudi siku hiyohiyo. Nikampa wazo la kuwaalika shangazi yangu na wenzake waje washone mkeka mmoja mkubwa palepale ukumbini, watu wakiangalia, na ukishakamilika wageni wavue viatu waukalie. Mwalimu alipiga kofi sakafuni. "Mkeka Mmoja," akasema, na kuliandika jina kwenye Juni kwa kalamu nyekundu.

Kazi ngumu ilikuwa Mofu. Shangazi yangu na wanawake wengine sita wamesuka pamoja tangu sijazaliwa. Kila mmoja husuka ukili wake nyumbani, ule utepe mrefu wa ukindu, na kili zikitosha wanakutana kuziunganisha. Niliwakuta barazani kwa shangazi wakichambua ukindu, nikawaamkia wote kwa zamu, kisha nikaanza kueleza.

"Ukumbi wa nini?" mmoja akauliza.

"Wa maonyesho, mama. Watu wanakuja kuangalia."

"Wakishaangalia?"

"Wanaondoka."

"Kumbe ni kama msibani," akasema, "ila hakuna wali."

Walicheka mpaka ukindu ukawadondoka. Shangazi hakucheka sana. Aliniuliza nani atashona.

"Ninyi wenyewe."

"Na nani atapanga?"

Swali hilo nililielewa, kwa sababu nimekua nikiwaona wakifanya. Kwao kushona si kazi kubwa. Kazi ni kupanga ukili wa nani ukae kando ya wa nani, na hilo huamuliwa siku ileile, wote wakiwapo. Wawili waliogombana mwaka huo huwekwa ubavu kwa ubavu, na kila mmoja hupewa sindano aushone ukili wa mwenzake. Mwenye msiba huwekwa katikati. Yule aliyenitania kuhusu wali, mwaka aliofiwa na mumewe, walimweka katikati, na nakumbuka shangazi akisema pale hapapigi baridi.

"Mtapanga ninyi," nikasema. "Hakuna mtu mwingine atakayegusa."

Shangazi akakubali. Wakasuka kiangazi chote, kabla mvua hazijawarudisha mashambani.

Oktoba mwalimu aliniomba nizilete zile kili Ifakara. Zipigwe picha za kalenda, akasema, kisha zirudi kwa wenyewe. Wiki moja. Nikapanda bodaboda hadi Mofu. Shangazi alizileta zikiwa zimeviringishwa, saba, kila moja na kamba yake, akazishika bila kunipa.

"Wiki moja?"

"Wiki moja, shangazi."

"Umesema wewe au amesema yeye?"

"Nimesema mimi."

Ndipo akanipa.

Wiki ilipita, zikapita nyingine mbili. Kila nilipouliza, mwalimu alisema mpiga picha hajapatikana, na mimi niliyehoji vitabu vya wanafalsafa nikaridhika na jibu hilo. Mlango wa ukumbi ulikuwa na kufuli jipya. Nikadhani ni kwa usalama wa kili.

Basi siku ya kubandika kalenda, mwanafunzi mmoja wa kike alisimama langoni akasoma kwa sauti, halafu akaniuliza, "Mbona kina mama wenu mmewahamisha?" Nikasogea. Aprili: Mkeka Mmoja, maonyesho ya ufunguzi, na chini yake jina la mwalimu wangu kama msanii. Juni palikuwa na maonyesho ya wachoraji kutoka Dar es Salaam. Nilishuka hadi Julai. Palisomeka: mafunzo ya kuwajengea uwezo kina mama wa Mofu katika ufumaji wa kisasa.

Niliisoma ile ya Julai mara tatu.

Mtu mgeni angeweza kukosea Aprili. Kwenye karatasi ni mwezi kama miezi mingine. Lakini mwalimu wangu amezaliwa Katindiuka, hapahapa Ifakara. Amesoma shule ambayo Aprili madawati yake yalibebwa kichwani kukimbia maji. Anajua mwezi huo mto Lumemo unafanya nini kwa nyumba za kando yake, na anajua kwamba kutoka Mofu wakati huo hata mgonjwa hutolewa kwa shida. Aliyepanga Aprili hakusahau kina mama. Alichagua mwezi ambao wasingeweza kufika.

Nilimkuta ofisini akinywa chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeshabandika? Imetoka vizuri, eh?"

"Mwalimu, Aprili Mofu unaijua."

Akaweka kikombe. "Naijua."

"Sasa watafikaje?"

"Wageni wanaofungua wana nafasi Aprili tu. Sikuwa na la kufanya. Kina mama wapo Julai, umeona?"

"Wapo Julai kufundishwa."

Akacheka kidogo. "Hayo ni maneno ya wafadhili, wewe. Bila kuandika 'kujenga uwezo' hakuna anayekusikiliza. Usiwe mtoto."

"Na jina lako pale Aprili?"

"Wazo la kuunganisha ni la ukumbi. Kusuka ni kazi ya mikono. Sanaa ni kule kupanga."

Alilisema kwa upole, kama anavyoeleza somo. Kwamba sanaa ni kule kupanga, nilikuwa nimemweleza mimi Agosti, sakafuni, nikimsimulia habari za mjane na katikati pasipopiga baridi. Alikuwa amenisikiliza vizuri kuliko nilivyodhani.

Nikamwomba kili. Alinyanyuka, akachukua funguo, akanipeleka ukumbini akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kukuonyesha zawadi. Mkeka ulikuwa umetundikwa ukutani kwa misumari, kutoka darini hadi karibu na sakafu. Wanafunzi walikuwa wameshaushona, kwa uzi wa nailoni wa kushonea magunia ya mpunga. Walipanga kwa rangi, nyekundu na nyekundu, zambarau na zambarau. Ukili mmoja ulikuwa umegeuzwa, sura ya ndani ikatazama nje. Ule wa mjane ulikuwa pembeni kabisa, na msumari umepita katikati yake.

"Unaonaje?" akauliza, na nadhani alitaka kweli kujua.

"Nitaufumua," nikasema.

Alidhani natania. Nilipovuta kiti na kupanda, akabadilika sura. "Ukiufumua, usirudi hapa."

"Sawa, mwalimu."

"Nimekufundisha mimi. Hata hiyo jeuri nimekufundisha mimi."

"Ndiyo, mwalimu."

Nilianza saa nane mchana kwa kiwembe. Hakunizuia. Alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaondoka, na yule mwanafunzi wa langoni akaja akakaa upande wa pili na kuanza kukata nyuzi. Aliniambia naye alishona. Waliambiwa kina mama wamekubali. Jua lilipolegea, kili saba zilikuwa sakafuni, na kingo za kila moja zina matundu ya sindano nene, yamepanuka, hayafungiki.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Mofu. Nilitayarisha maneno njia nzima na sikuyatumia. Nilimweleza shangazi yote, kalenda, Aprili, msumari, kiwembe. Alisikiliza huku akipitisha vidole kwenye kingo, ukili mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliutambua mwenyewe bila kuniuliza. Kwenye ule wa mjane vidole vilisimama.

"Ulisema hakuna mtu atakayegusa," akasema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Nilidanganywa, shangazi."

"Wewe ulidanganywa na yeye. Sisi hatumjui. Sisi tunakujua wewe."

Nilikuwa na hoja. Huwa ninazo. Kwamba nimeacha nafasi yangu kwa ajili yao, kwamba kalenda niliibandua langoni kwa kucha, kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kumwamini mwalimu wake. Nilizipima kichwani moja moja, na kila moja iliishia kwangu, kwenye maneno "nimesema mimi."

Nikamuuliza kama watazishona bado, na lini.

"Tutaona wenyewe," akasema.

Kisha akaingia ndani, nami nikamsikia akisogeza vitu. Alitoka na kiti cha plastiki, akakifuta kwa kanga, akakiweka kivulini. Nyumba ile watu wa damu tunakaa chini. Kiti hutolewa akija afisa kilimo, au mchungaji mgeni, au mtu wa sensa.

"Karibu ukae," shangazi akaniambia, "upumzike na safari."

Nikakaa. Kukataa, nikae chini, kungekuwa kumwomba tena kitu.