Maji Ndani ya Bwati ya Vitesi

Katrakta ya mume wangu ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, na kila aliyelala katika uwanja wetu aliujua: ilikunywa mvua. Mpira unaozunguka shina la levye ya vitesi, ule mkono wa kubadilishia gia, ulikuwa umechanika tangu zamani, na ukienda kuuliza mpira wa namna ile katika maduka ya Kamina wanakucheka, maana mashine yenyewe ni ya kizamani, ndogo, ya kulimia bustani tu, na aliinunua kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Maji yakipita pale yanashuka moja kwa moja ndani ya bwati, kile kisanduku cha gia, kwenye mafuta, kwenye meno. Kwa hiyo kila jioni, hata kiangazi, mume wangu aliiingiza katrakta bandani, kisha akaifunika levye kwa ndoo kuukuu ya bati. Kula aliweza kusahau. Ndoo hakuisahau.

Katrakta ile ndiyo iliyotulisha. Sisemi kwa kupamba. Tangu kazi ya reli imwishie mikononi, alilimia watu mashamba, akafunga remoroki nyuma, akabeba mihogo, makala ya kupikia, matofali, na siku nyingine mgonjwa wa mtu juu ya godoro. Watoto walisoma kwa katrakta. Mimi nilikuwa namshikia taa na kumpokeza spana, nikilalamika kwamba mikono yangu inanuka mazuti, yaani dizeli, hata nikikanda bukari, ugali wetu.

Alikufa msimu wa mvua. Homa ilimchukua upesi, hatukupata hata nafasi ya kuagana.

Kilio kikajaa watu. Wanawake walihitaji pa kulala, basi wanaume wakaisukuma katrakta kutoka bandani, wakaiacha katikati ya uwanja. Ndoo yake wakaichukua wapishi, wakawa wanachotea maji. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mkeka kama mjane anavyokalishwa, miguu mbele, mdomo umefungwa, na kwa mlango uliokuwa wazi niliona wingu linapanda upande wa stesheni. Nikamwita shemeki wangu, mdogo wake marehemu, aliyetoka Bukama kwa treni na ndiye aliyekuwa anaongoza kila kitu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, shemeki, nakuomba, bantu bafunike levye, hata kwa bashe, turubai lolote.

"Kitu ya mufu hapana kugusa," alinijibu. "Mpaka kilio itoke."

Kwao ndivyo desturi ilivyo. Chombo alichofanyia mtu kazi kinalala kama yeye alivyolala, hakuna wa kukitia mkono hadi kilio kitolewe, yaani matanga yaishe. Sawa. Lakini mliisukuma kwa mikono ya nani? Kwa mikono ya malaika? Kuisukuma kwenye mvua hakukuwa kugusa, kuifunika ndiko kulikokuwa kugusa! Nilitaka kuinuka nimpige kwa sufuria. Mama mkwe, aliyekaa karibu nami, akanishika kiganja, akakibana. Mvua ikaanza. Ilinyesha karibu kila siku ya kilio, na kila iliponyesha nilikuwa namlilia mume wangu kwa jicho moja na katrakta kwa jicho lingine. Watu waliona machozi tu, wakasema mjane huyu alimpenda mumewe. Nilimpenda, ndiyo.

Siku ya kutoa kilio jamaa wakakaa kugawa vitu. Baiskeli ikaenda, redio ikaenda, viatu vikaenda hata vile vilivyotoboka. Halafu shemeki akasimama, akajipangusa suruali, akapanda juu ya katrakta mbele ya watu wote. Moteri iliwaka, hiyo haikuwa na shida. Lakini alipoishika levye, chini kukalia sauti ya kusaga, katrakta ikajivuta kidogo, ikagoma, na kwenye ule mpira uliochanika likapanda povu jeupe likamchafua mikono. Watu wakarudi nyuma.

"Hii njo ilikufa," alisema akishuka. "Mujane abakie nayo."

Wakaitikia wote, ée, ndiyo imekufa, abakie nayo. Mama mkwe aliitikia pia, nilimsikia kwa masikio yangu.

Jamaa walipoondoka, mama mkwe alibaki nasi. Alikuwa hana haraka ya kurudi Bukama, na mimi sikumfukuza, maana ni yeye peke yake katika watu wale aliyenipa mkono. Niliiacha katrakta itulie siku kadhaa bila kuiwasha, ili maji yashuke chini, kama nilivyokuwa namwona marehemu akifanya. Kisha nikaingia chini ya tumbo lake nikaanza kulegeza bulo ya chini, ile bolti ya kutolea mafuta. Ikakataa. Nikaitukana kwa Kiluba, matusi ambayo mkwe hapaswi kuyatamka mbele ya mama wa mumewe, ikalegea. Mama mkwe akajifanya hakusikia, akasogeza beseni.

Kwanza yalitoka maji, maji kabisa, ya rangi ya kutu. Ndipo yakafuata mafuta: mazito, meupe, kama maziwa ya unga yaliyokorogwa vibaya. Yalijaza beseni na bado yakaendelea.

"Mwana, hii iko mvua ya kilio," alisema mama mkwe.

"Njo yenyewe, mama."

Mazuti ya kuoshea bwati niliyapata kwa kuuza kikwembe, kitenge changu cha harusi. Nilimwaga ndani, nikawasha moteri, nikaacha meno yazunguke polepole bila kuvuta kitu, nikazima, nikafungulia. Yakatoka meupe. Nikarudia. Yakatoka yenye mawingu. Nikarudia tena hadi yakatoka jinsi yalivyoingia, na hapo mgongo wangu ulikuwa haunyooki.

Mafuta mapya sikuwa na njia ya kuyapata. Lakini marehemu alikuwa na namna yake, na niliijua: yale meupe hayatupwi, yanapikwa. Tukatia makala kidogo kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mbali na nyumba, tukaweka sufuria lililong'oka mpini. Mafuta yenye maji yakipata moto yanapiga kelele, yanaruka, yanatukana kuliko mimi. Yaliniunguza hapa kwenye mkono, alama ningali nayo. Unakoroga, unapunguza moto, unangoja. Yakinyamaza kabisa, maji yamekwisha. Tulikaa hapo sisi wawili, mama wa marehemu na mke wa marehemu, tukisikiliza sufuria, na ndipo kwa mara ya kwanza tulimzungumza bila kupiga mayowe: alivyokuwa anaogopa vyura, alivyonidanganya siku ya kunichumbia kwamba anajua kucheza.

Kuchuja, nilikosa kitambaa safi. Nikachukua kile cheusi nilichofungwa kichwani siku za kilio, kile ambacho kilikuwa kinangoja kuchomwa. Mama mkwe alikitazama. Nikadhani atanigombeza. Akashika ncha ya pili, tukachuja.

Katrakta ikaenda! Levye iliingia vitesi ya kwanza kama kisu kwenye avokado, nami nikapiga vigelegele peke yangu nikiwa nimekaa juu yake, mjane wa juzi, jirani wakatoka kutazama kama nimerukwa na akili. Nililima shamba letu. Nikaanza la jirani. Watu wengine wakaja kuuliza zamu yao lini. Jioni naiingiza bandani, nafunika levye kwa ndoo, naingia nyumbani, nalala usingizi wa kweli.

Habari ilifika Bukama upesi. Treni hubeba midomo pamoja na samaki. Shemeki akatokea asubuhi moja, kanyoa ndevu, kavaa viatu vya marehemu.

"Nilisikia iko natembea," alisema.

"Iko natembea. Nilifanya vidanje, nilimwaga maji yote."

"Ulifanya muzuri. Nakuja kuikamata."

"Kukamata nini? Si ulisema mbele ya bantu yote, mujane abakie nayo?"

"Ile ya kufa njo niliachaka." Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. "Hii iko muzima. Ya muzima iko ya yaya, na kitu ya yaya iko ya jamaa."

Yaya, ndivyo alivyomwita kaka yake. Nikamgeukia mama mkwe. Nikamwambia mama, sema, ulikuwako, uliitikia, na mikono yako bado inanuka mafuta. Alitazama chini.

"Mimi nilizala babili tu, mwana," alisema. "Moja alienda."

Basi. Nilikimbilia kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, naye akaniambia mambo ya jamaa hutengenezwa ndani ya jamaa. Nilipofika nyumbani katrakta ilikuwa imeshafungwa remoroki, na mama mkwe ameketi juu yake na fungu lake la nguo. Moteri ikawaka. Wakatoka.

Niliingia bandani nisijue naenda kufanya nini. Ndoo ilikuwa chini, pale shemeki alipoitupa. Nje wingu lilikuwa limeshapanda upande wa stesheni. Wallahi, nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote, lakini mikono yangu iliikamata ndoo ile, miguu ikashika barabara ikaanza kukimbia kabla sijaiuliza.

"Shemeki! Ndoo! Funika levye, mvua inakuja!"

Akapunguza mwendo. Mama mkwe alikuwa ameshanyosha mkono nyuma kuipokea. Shemeki akageuza kichwa, akaitazama ile bati iliyobonyea mikononi mwangu, akadhani nini sijui, kwamba naomba, kwamba nagombania hata hiyo.

"Ile baki nayo," alisema. "Ndoo minakuachia."

Akaongeza moto, wakaenda, mkono wa mama mkwe ukiwa bado umenyooshwa. Matone ya kwanza yakaanguka nikiwa palepale barabarani. Nikaigeuza ndoo, nikajifunika kichwa, nikarudi kwa watoto.