Nilimwambia Aje Kesho

Anayesema nimetunga, aje saluni Saint-Gilles nimpe mkono. Sitaki kubishana. Akishakishika kidole gumba changu cha kulia ndipo tuzungumze, maana nimechoka kuambiwa ni ndoto, ni uchovu, ni baridi ya Ubelgiji. Baridi ya Ubelgiji naijua, nimeishi nayo miaka kumi na tano. Hii siyo.

Kazi yangu ni ususi. Nilitoka Tanga na mikono yangu hii miwili, sina cheti, sina Kifaransa cha ofisini, na kila nilichokula Brussels kilitoka kwenye vidole. Bila gumba sigawi nywele. Nisipogawa nywele sisuki, na nisiposuka nakaa ndani natazama dirisha. Liweke hilo kichwani.

Basi, enzi hizo bado natumia simu ya vitufe, mdogo wangu Rehema alikuwa anasoma Amerika, jimbo la Arizona. Nikaenda kumtembelea wiki mbili. Siku moja kabla ya kurudi akanipakia kwenye gari, tukaenda hifadhi moja ya jangwani inayojulikana kwa magogo yaliyogeuka mawe. Nilidhani ananitania. Gogo ligeuke jiwe? Tukafika, nikaona kwa macho yangu. Yamelala chini mpaka jicho linaposhindwa, yana magome, yana vifundo, yana ile miviringo ya ndani kama mti uliokatwa jana, lakini ukigusa ni jiwe tupu. Na ndani yana rangi: nyekundu ya ini, njano ya kiini cha yai, zambarau. Rehema akasema miti hiyo ilianguka kabla binadamu hajakuwepo duniani. Sikupapenda. Hakuna ndege, hakuna kivuli, na muda wote nilikuwa natembea kwa kunyata, sijui naogopa kumwamsha nani.

Mlangoni tulionywa, na kila kona kuna kibao: usichukue hata kipande. Rehema akanieleza kwamba watu huiba, halafu hurudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi, wanasema tangu wachukue hawajaona raha. Na wafanyakazi huyamwaga yale mawe mahali pamoja, kwa sababu nani atajua lipi lilitoka gogo gani? Nikacheka. Wazungu nao, nikasema.

Saa saba mchana tukakaa kula chapati na mayai tuliyobeba. Hatua chache kutoka mezani, juu ya gogo, alikaa mzee mmoja mweusi wa kukolea, koti lake la rangi ya vumbi, mikono kaificha mfukoni, anatutazama. Sasa mimi nimelelewa Tanga. Huwezi kutia tonge mdomoni mtu anakutazama usimkaribishe. Ni mazoea tu. Hata kwenye tramu nimewahi kumkaribisha Mzungu karanga. Nikasema, "Karibu."

"Ahsante, mwanangu," akajibu. "Nitakuja nyumbani."

Nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea kula. Rehema akaniuliza namkaribisha nani. Nikageuka nimwonyeshe, na pale juu ya gogo hapakuwa na mtu. Kaondoka zake, nikajiambia. Chapati ya pili imefika nusu ndipo ikanijia: yule mzee alinijibu kwa Kiswahili. Tena Kiswahili cha kwetu, kile cha zamani cha babu yangu.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbilia garini. Mimi nikakumbuka zawadi. Ndiyo, zawadi! Kesho yake narudi, na sikuwa nimemtafutia kitu Maman Bijou, mwenye saluni yetu, Mkongomani wa Lubumbashi aliyenipa kiti changu cha kwanza cha ususi hapa Brussels. Urudi safari mikono mitupu, utamtazamaje mtu? Na chini ya gogo lile lile kulikuwa na kipande kidogo, kizuri, unene na urefu wa kidole. Nikakichomeka kwenye sidiria. Getini mlinzi akauliza kama tumebeba chochote, nikamchekea kwa meno yote thelathini na mbili. Rehema hakujua. Sikufichi, nilijiona mjanja.

Maman Bijou alikifurahia, akakiweka mezani kukandamizia karatasi zake. Lakini mimi tangu niliposhuka kwenye ndege sikutulia. Nikikaa nasimama. Nikisuka nageuka kutazama mlango. Mteja mmoja nilimsuka twende kilioni, mistari ya kunyooka kwenda kisogoni ikaenda upande kama njia ya mlevi, ikabidi nifumue. Maman Bijou akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia simngoji mtu, na kweli nilidhani simngoji mtu.

Jumapili ya tatu, saa tisa alasiri, niko kwangu Evere, ghorofa ya tatu, nakaanga vitunguu. Kengele haikulia. Lakini kwenye kile kisemeo cha ukutani, kinachoungana na mlango wa chini, nikasikia, "Hodi."

Niulize, nani Evere anapiga hodi? Majirani zangu wanabonyeza kengele wanataja jina la ukoo. Lakini hodi ni hodi, ukikulia nayo haikupi nafasi ya kufikiri. Mdomo ukanitangulia, nikasema karibu, na gumba langu hili hili likabonyeza kitufe cha kufungua.

Alipanda ngazi taratibu sana. Kila hatua niliisikia kwenye sakafu yangu, nzito, na baada ya kila hatua kimya. Nilikuwa na muda wa kufunga mlango kwa ufunguo, niamini, muda mwingi tu. Nikabaki nimesimama na mwiko mkononi. Mlango uliposukumwa, alikuwa yeye, na koti lile lile.

Na mimi, mjinga wa adabu, nikamwambia shikamoo.

"Marahaba," akasema, na ile marahaba ilichukua muda kutoka. "Ulinikaribisha. Na changu unacho wewe."

Akautoa mkono wa kulia mfukoni. Vidole vinne. Pale pa gumba pamevunjika, hapana damu, hapana kidonda. Pana miviringo tu: ini, kiini cha yai, zambarau.

Ningeweza kumwambia ukweli. Ukweli ulikuwa mwepesi: kiko saluni, saluni imefungwa Jumapili, ufunguo anao Maman Bijou na Maman Bijou yuko kanisani, ngoja nivae viatu twende tukamsubiri. Ningesema hivyo, leo ningekuwa na kidole changu kizima. Lakini niliogopa, nilitaka atoke tu, nikasema lile neno tunalomwambia kila mtu anayetusumbua mlangoni.

"Njoo kesho, mzee."

"Kesho," akarudia polepole, kama analionja. "Haya. Basi niazime chako mpaka kesho."

Akaninyooshea mkono kuaga. Mzee anakupa mkono, unaukataa? Nikampa. Baridi ikaniingia kwenye gumba, ikakaa hapo hapo, haikupanda. Akageuka, akashuka. Nilikimbilia dirishani kumtazama akitoka, nikamwona jirani anaosha gari lake na watoto wawili wenye baiskeli. Hakuna aliyetoka mlangoni. Vitunguu vikaungua.

Jioni ile kidole kilikuwa cha kijivu na hakikunjiki. Nikikigonga mezani kinalia ko, ko. Jumatatu alfajiri nilikuwa nimeshasimama nje ya saluni. Maman Bijou alipofika nikamweleza yote, nikilia, nikamwomba jiwe. Akanipa, lakini nilipolishika nikaona halijatimia, ncha yake imeruka.

"Bon, njo nilipikia nayo musumari ya calendrier," akasema, akinionyesha kalenda aliyoigongomea ukutani. "Ikavunjika kidogo, alors nikafagia."

Takataka zilikuwa zimeshachukuliwa tangu wiki iliyopita. Nilirudi nyumbani na jiwe lililobaki, nikakaa chini ya kile kisemeo siku nzima. Kesho yangu ilikuwa imefika. Hakuja. Wala siku ya pili, wala ya kumi. Nilipomuuliza Maman Bijou kwa nini haji, alinishika kile kidole, akakiachia haraka.

"Muntu wa vile, haumwambiake kesho," akasema. "Kesho yake iko murefu, mutoto wangu. Weye utakufa mbele ifike."

Daktari alipiga picha ya mkono, akaitazama, akamwita mwenzake naye aitazame. Wakaniambia damu haipiti vizuri. Mfupa je? Wakasema picha haikutoka sawa. Mimi niliiona ile picha. Palikuwa na miviringo.

Miezi miwili sikusuka. Nilifagia, niliosha vichwa kwa mkono wa kushoto, na kiti changu akakaa binti mwingine. Usiku nilikuwa nazunguka chumbani nikijiuliza nitarudi Tanga kufanya nini. Mwishowe nikampigia Rehema, nikaungama. Alinitukana kwanza, haki yake. Nikamtumia jiwe yeye, sikulituma hifadhini likamwagwe kwenye lile rundo la wezi wengine. Akaendesha gari peke yake mpaka ile meza, akaliweka chini ya gogo, akasema kwa sauti, huku anaona haya, kwamba mzee, chako hiki, dada anaomba msamaha.

Kwa saa za Brussels ilikuwa usiku, nimelala. Nikaamshwa na joto. Gumba lilikuwa linawaka kama limetoka kwenye maji ya barafu, na nilipojaribu kulikunja, likakunjika. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Asubuhi nikawasha taa nikalitazama vizuri. Limerudi, isipokuwa ncha. Kuanzia katikati ya ukucha kwenda juu bado ni jiwe, na ukikaza macho unaona mstari mwembamba wa njano. Kimebaki kiasi kile kile alichokifagia Maman Bijou.

Kiti changu nimekirudia. Nasuka, ila polepole, na wateja wapya hushtuka wakauliza kwa nini kidole kimoja ni baridi. Kazi ninayo, nashukuru. Kilichoharibika ni kingine.

Mwaka jana mama yangu alikuja kutoka Tanga kunitembelea, mara yake ya kwanza. Siku ya tatu akashuka kutupa taka, mlango wangu wa huku juu ukajifunga nyuma yake. Akapanda, akasimama nje, akapiga hodi. Mimi niko jikoni. Nilijua yuko nje, sauti nilijua ni yake, na mdomo wangu ukakataa kufunguka. Akapiga hodi ya pili. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Akapiga ya tatu, akanyamaza, kama mtu mwenye adabu anavyotakiwa.

Nilipopata nguvu za kufungua nilimkuta amekaa kwenye ngazi, amejitanda khanga yake, hanitazami.

"Mwanangu," akasema, "hata mimi ni wa kukosa karibu yako?"

Nikampa kidole akishike. Nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe. Alikifunika kwa viganja vyake viwili akakaa hivyo muda mrefu, akikipasha moto, na hakikupata moto.

Sasa nakwambia wewe. Ukifika jangwa lile, tazama kwa macho, mikono weka mfukoni. Mwenye chake akija kukidai, vaa viatu ufuatane naye saa hiyo hiyo. Na siku ukija kwangu Evere, tafadhali, usipige hodi. Taja jina lako.